Dhahabu na Mfupa Uliovunjika: Ya Kufanya Leo na ya Kusubiri

Ukienda zahanati kupima malaria, mhudumu hukutoboa kidole, hudondosha tone la damu kwenye kile kipimo cha plastiki, kisha mnasubiri kama robo saa mistari ijitokeze. Rangi ile nyekundu ya mistari, katika vipimo vingi vya aina hiyo, ni dhahabu. Ni dhahabu kama ile ichimbwayo Geita, ila imetengenezwa kuwa chembe ndogo mno, na ikishakuwa ndogo kiasi hicho huacha kung'aa kwa manjano na kuwa nyekundu. Vipimo vingi vya mimba vinavyouzwa famasi hutumia chembe hizo hizo. Kwa hiyo sisi wa Nkuhungu, hapa Dodoma, tumeishi na dhahabu ya namna hii kwa miaka bila kuijua jina. Kinachosikika sasa ni jambo jingine: kwamba chembe hizo zinaweza kuua vijidudu ndani ya jeraha na kuusaidia mfupa uliovunjika kuunga. Habari hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini kati ya ukweli wa maabara na mguu wa mtu aliyeanguka na bodaboda kuna umbali, na ndani ya umbali huo mtu anaweza kupoteza fedha, muda, hata mguu wenyewe.

Tuanze na ukubwa wa hizo chembe. Wanasayansi huzipima kwa nanomita. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi. Bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye ndiye chanzo kikubwa cha usaha kwenye mifupa, ana upana wa nanomita 1,000 hivi. Chembe za dhahabu zinazochunguzwa kwa ajili ya tiba nyingi ni kati ya nanomita 2 na 100, maana yake ni ndogo kuliko bakteria mwenyewe na zinaweza kumgandia juu ya ngozi yake.

Kwa nini dhahabu na si bati au chuma? Dhahabu haishiki kutu, na mwili hauishambulii kwa haraka. Pia juu ya chembe ya dhahabu unaweza kubandika dawa nyingine, ikabebwa hadi mahali inapotakiwa. Na dhahabu iliyotengenezwa kwa umbo fulani, kwa mfano vijiti vidogo, hunyonya aina ya mwanga unaopenya ngozi kisha ikageuza mwanga huo kuwa joto.

Vijidudu hufaje? Kwa njia kadhaa. Chembe ndogo kabisa huvuruga ukuta wa bakteria na kazi zilizo ndani yake. Nyingine hubeba antibayotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, na kuifikisha karibu na adui kwa wingi kuliko ingefika kwa kusafiri katika damu nzima. Nyingine humulikwa zikapata joto, na joto hilo likawaunguza bakteria walio jirani. Njia hii ya joto inawavutia watafiti kwa sababu bakteria wakishakaa juu ya chuma kilichowekwa mfupani hujifunika kwa utando, kama ule utelezi unaoota ndani ya dumu la maji lisilosuguliwa. Chini ya utando huo antibayotiki za kawaida huwafikia kwa shida sana. Ndiyo maana mgonjwa mwenye chuma kilichoingia usaha anaweza kumeza dawa miezi na miezi asipone mpaka afanyiwe upasuaji mwingine.

Na kuhusu mfupa wenyewe: ndani ya mfupa zipo seli zinazojenga na seli zinazobomoa, na mfupa mzima ni matokeo ya kazi za makundi hayo mawili. Katika vyombo vya maabara, na kwa panya na sungura, chembe za dhahabu zimeonekana kuzisukuma seli changa zigeuke kuwa wajenzi, na kuzipunguza kasi zile zinazobomoa. Watafiti huzichanganya na ute mzito au vitu vyenye vitundu kama sifongo, kisha wakaziba nazo pengo la mfupa.

Hapo ndipo tulipo: maabara na wanyama. Kwa binadamu, chembe za dhahabu zinazopashwa joto kwa mwanga zimejaribiwa Marekani kwa wanaume wenye saratani ya tezi dume, na matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 2019. Lakini hakuna dawa ya chembe za dhahabu ya kuunga mfupa au kutibu usaha wa mfupa iliyoruhusiwa kuuzwa kwa wagonjwa. Sababu za kuchelewa ni za msingi. Dhahabu ikiingia mwilini, nyingi huishia kwenye ini na wengu na hukaa humo muda mrefu, kwa hiyo ni lazima ijulikane inafanya nini baada ya miaka. Kutengeneza chembe zenye ukubwa ule ule kila mara, kwa wingi, nako ni kazi ngumu, na chembe ikibadilika ukubwa au umbo hubadilika tabia.

Nasisitiza subira hii kwa sababu dhahabu imewahi kuwapa watu matumaini ya haraka. Mwaka 1890 Robert Koch, daktari wa Ujerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, aliripoti kwamba mchanganyiko wa dhahabu ulizuia bakteria hao kukua katika chombo cha maabara. Miaka ya 1920 wagonjwa wa kifua kikuu huko Ulaya walichomwa sindano za chumvi ya dhahabu. Ugonjwa haukupona, na baadhi yao waliharibika figo na kupata vipele vikali. Daktari Mfaransa Jacques Forestier akaijaribu kwa ugonjwa wa baridi yabisi kuanzia mwaka 1929, na huko ikawasaidia baadhi ya wagonjwa kwa miongo mingi. Dhahabu ile ile ilishindwa kwenye ugonjwa mmoja, ikafaa kwenye mwingine. Kilichotenganisha mawili hayo ni majaribio kwa wagonjwa, na ndicho tunachokisubiri kwa mifupa.

Sasa utauliza: naweza kuipata Dodoma, na ni shilingi ngapi? Hakuna bei, kwa sababu hakuna dawa. Mtu akikutajia bei ya maji ya dhahabu, matone ya dhahabu au krimu ya nano ya kuunga mifupa, anakuuzia kitu ambacho hakijathibitishwa. Kabla hujatoa fedha, chukua jina la bidhaa, jina la kiwanda na namba ya toleo vilivyo kwenye chupa, uulize TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kama imesajiliwa. Makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma, upande wa Kisasa. Huna haja ya kusafiri. Muuzaji asiyetaka upige picha ya chupa yake amekwisha kukujibu. Na kuna jambo la hatari zaidi: usithubutu kuweka kwenye jeraha au kunywa unga wa dhahabu uliotoka kwa wachimbaji wadogo. Dhahabu hiyo mara nyingi imekamatwa kwa zebaki, na zebaki ni sumu ya ubongo na figo.

Tuje kwenye mguu uliovunjika leo, maana hapo ndipo msaada ulipo na ndipo nitakapokaa zaidi.

Ajali ikitokea, kwanza zuia damu. Kandamiza panapotoka kwa kitambaa safi, kanga iliyofuliwa inatosha, na usiachie kila dakika kuchungulia. Mfupa ukiwa umetokeza nje, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji safi. Ufunge mguu au mkono kama ulivyo kwenye ubao, fimbo iliyonyooka au boksi lililokunjwa, kuanzia kiungo cha juu ya palipovunjika hadi kiungo cha chini yake. Usimpe majeruhi chakula, kwa kuwa huenda akahitaji usingizi wa upasuaji. Na tafadhali usipake chochote: si mafuta ya taa, si majivu, si dawa ya meno, wala usifungue vidonge vya rangi mbili ukamwagia unga wake ndani ya jeraha. Unga ule hauui kilichozama, na daktari atapoteza muda kuusafisha.

Mpeleke wapi? Kwa mfupa uliotokeza au jeraha kubwa, usipoteze saa kwenye duka la dawa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tuiitayo General, iko mjini, nayo hupokea majeruhi usiku na mchana. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, na ndiyo ya ngazi ya juu zaidi kwetu. Matatizo mazito ya mifupa, ikiwemo mifupa iliyokataa kuunga, hufikishwa huko, mara nyingi kwa barua ya rufaa. Zipo pia za taasisi za dini, kama St. Gemma ya Miyuji na DCMC ya Ntyuka. Kama ajali ni ya barabarani utaambiwa habari ya PF3, fomu ya polisi. Majeruhi aende hospitali, na ndugu mmoja aende kituo cha polisi kufuata fomu. Msimkalishe mtu anayevuja damu kwenye benchi la kituo. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kwenye mfupa ulio wazi, saa ya kwanza ina thamani kuliko dawa yoyote ya kesho. Antibayotiki ya kupitia mshipa inatakiwa ianze mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja tangu ajali. Una haki ya kuuliza kwa adabu: "Daktari, ameshapata sindano ya kuzuia usaha? Na ya pepopunda?" Baadaye jeraha huoshwa chumba cha upasuaji na nyama iliyokufa huondolewa. Maji ya chumvi ya hospitali yanatosha kwa kazi hiyo. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,400, ulionyesha kwamba kuosha kwa presha kubwa hakukuleta faida ya ziada, na waliooshwa kwa sabuni walirudishwa upasuaji mara nyingi zaidi kuliko waliooshwa kwa maji ya chumvi peke yake. Mimi napata faraja katika matokeo hayo: kitu cha bei ndogo, kinachopatikana kila hospitali, ndicho kilichofanya vizuri.

Kisha mfupa hushikizwa. Uliovunjika bila jeraha, na ambao haukupinda sana, hufungwa plasta ngumu, ile tunayoiita hogo. Mwingine huwekewa chuma ndani ya uwazi wa mfupa. Mwingine huwekewa vyuma vya nje, ambavyo unaviona vimetoboa ngozi na kuunganishwa kwa fito. Watu wengi wakiona vya nje hudhani wamepewa tiba ya watu maskini. Si kweli. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, waliwafuatilia wagonjwa 240 waliovunjika mfupa wa ugoko na jeraha likawa wazi. Nusu walipangiwa chuma cha ndani, nusu vya nje. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti ya wazi katika vifo wala katika kurudishwa upasuaji kwa sababu ya usaha, kutounga au kupinda kwa mfupa. Waliowekewa cha ndani walijisikia nafuu zaidi wiki za mwanzo, na mfupa wao ulinyooka vizuri zaidi mapema. Uchaguzi hutegemea jeraha lilivyo, na daktari akuelezee sababu yake.

MOI hao hao wamefanya pia jaribio la awali la kuweka antibayotiki iitwayo jentamaisini moja kwa moja kwenye jeraha la mfupa wa ugoko, badala ya kutegemea mshipa peke yake. Wazo hilo linafanana na lile la chembe za dhahabu, yaani dawa ifike pale pale kwa nguvu, ila hapa inatumika dawa ya zamani na ya bei nafuu. Ukiniuliza ni ipi itawafikia wagonjwa wa Dodoma mapema, nitakuambia ni hii.

Gharama. Siwezi kukutajia kiasi kimoja, kwa sababu hutofautiana kwa hospitali, aina ya chuma na siku za kulazwa. Ninachokushauri ni kuomba makadirio kabla ya upasuaji wa kupangwa, yakitaja picha za eksirei, chuma, chumba cha upasuaji, dawa na kitanda. Hospitali ya serikali hulipwa kwa kontroo namba, si fedha mkononi kwa mtu yeyote, na risiti uzitunze. Kama una bima ya NHIF, uliza mapema ni chuma kipi kinalipiwa. Ulizia pia kama hospitali ina vyuma vya SIGN. Hili ni shirika la Marekani linalozipa hospitali za nchi zenye kipato kidogo vyuma vya kuweka ndani ya mfupa kama msaada, na vimebuniwa viweze kuwekwa hata pasipo mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji.

Aliyegongwa na chombo cha moto ana mlango mwingine. Kila pikipiki na gari linalotembea barabarani linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, ambayo ni kwa ajili ya wanaoumizwa na chombo hicho. Andika namba ya usajili. Kwa namba hiyo unaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA-MIS, wa mamlaka inayosimamia bima, kama chombo kina bima hai na ni ya kampuni gani. PF3, taarifa ya polisi, risiti na ripoti ya daktari ndivyo vitakavyobeba madai yako. Aliyeumia akiwa kazini na ana mwajiri, mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Na asiye na kitu kabisa asitoroke wodini. Amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya mtendaji wa mtaa wake, aombe msamaha au nafuu ya malipo. Barua hiyo ndugu aifuate siku ya kwanza, si siku ya kuruhusiwa.

Na mganga wa kuunga mifupa? Wapo wazee wanaoheshimika kwa kazi hiyo, na mfupa mdogo usio na jeraha unaweza kuunga mikononi mwao. Lakini mfupa uliotoboa ngozi si wa kwenda huko, na kufunga kwa kukaza sana kunaua nyama. Iwe ni mianzi ya mganga au hogo la hospitali, maumivu yakizidi kila saa badala ya kupungua, vidole vikawa baridi, vikafa ganzi au vikakataa kusogea, rudi hospitali muda huo huo hata kama ni usiku wa manane. Hapo mguu una saa chache tu.

Nyumbani, mfupa wa ugoko wa mtu mzima huchukua miezi minne hadi sita kuunga, wakati mwingine zaidi. Sigara huuchelewesha, kwa hiyo acha angalau muda huo. Kula ugali wako na mlenda kama kawaida, ila usikose cha kujenga mwili: kunde, karanga, mayai, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa mgando. Penye vyuma vya nje, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa, safisha panapotoboka jinsi ulivyoelekezwa, na upanguse vumbi letu la kiangazi lisigande hapo.

Usaha wa mfupa hauji kwa kelele kila mara. Homa inayorudi, kidonda kinachofunga kisha kufunguka, tundu dogo linalotoa majimaji, maumivu yanayoamka usiku, au chuma kulegea ni sababu ya kurudi bila kungoja tarehe ya kliniki. Mwenye kisukari awe makini maradufu. Mtoto mwenye selimundu akilalamika mfupa mmoja unauma na ana homa, hata kama hakuanguka, apelekwe, maana watoto hao hupata usaha wa mfupa kwa urahisi. Omba majimaji yapelekwe maabara kuoteshwa, ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inamwua. Kununua antibayotiki kwa kubahatisha, ukaacha ukijisikia nafuu, ndiko kunakozaa bakteria wasiosikia dawa. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria kwa dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani. Sababu mojawapo ya watafiti kuhangaika na dhahabu ni hiyo.

Huenda siku moja ukaitwa kushiriki jaribio la tiba mpya ya mifupa, iwe ya dhahabu au nyingine. Usikimbie, ila uliza. Jaribio halali nchini huwa na kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na jaribio la dawa huwa na ruhusa ya TMDA. Utasomewa fomu kwa Kiswahili, ikieleza faida na hatari, na utabaki na nakala. Hulipi kujaribiwa dawa. Unaweza kukataa au kujitoa katikati na bado ukatibiwa kama wagonjwa wengine. Likikosekana moja kati ya hayo, usisaini.

Na kila unapokwenda kliniki, beba picha zako zote za eksirei tangu ile ya kwanza, kadi, na karatasi ya kuruhusiwa inayotaja aina ya chuma ulichowekewa na tarehe. Daktari hujua kama mfupa unaunga kwa kulinganisha picha ya leo na ya miezi iliyopita, na atakayekutoa chuma hicho mwakani huenda si yule aliyekiweka.